Ludlow: Mji Uliozaliwa na Gulio

Mwaka 1086 maofisa wa Mfalme William, Mnormani aliyeiteka Uingereza miaka 20 kabla yake, walizunguka nchi wakiandika vijiji, majembe, vinu vya maji na mabwana wenye ardhi. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, Kitabu cha Domesday, kipo mpaka leo, na ndani yake hakuna mji uitwao Ludlow. Stanton, kijiji kilicho kaskazini kidogo, kimo. Mahali pa Ludlow penyewe, kilima kilichobanwa na mito miwili, Teme na Corve, palihesabiwa kuwa sehemu tu ya ardhi ya Stanton.

Leo kilimani hapo wanaishi watu wapatao 10,000, na majengo karibu 500 yanalindwa na sheria kwa sababu ya historia yake. Wageni huletwa Ludlow kuona ngome na kusikia habari za wafalme, na sioni vibaya: ngome ni kubwa, na wafalme kweli walipita. Lakini mimi, kadiri nilivyoutembea mji huu na kuusoma, ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba mama yake ni gulio. Ngome ilileta ulinzi. Gulio ndilo lililowapa watu sababu ya kuhamia hapa, kujenga, kugombana, na kubaki hata ngome yenyewe ilipokufa.

Walioanzisha yote ni ukoo wa de Lacy kutoka Normandy. Walipewa ardhi hapa Shropshire, karibu na mpaka wa Wales, nchi ambayo Wanormani walikuwa hawajaitiisha. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 11 walianza kujenga ngome ya mawe kwenye ncha ya magharibi ya kilima, pale jabali linapokatika ghafla na kushuka mtoni. Mawe yalichimbwa papo hapo. Ni mawe yenye umri wa kutisha: wanajiolojia dunia nzima hulitumia jina la Ludlow kuitaja sehemu ya enzi ya Siluri, zaidi ya miaka milioni 420 iliyopita, kwa kuwa miamba ya kipindi hicho ilichunguzwa kwa makini hapa katika karne ya 19. Ndani ya ngome, katika karne ya 12, likaongezwa kanisa dogo la duara, la aina iliyojengwa na watu waliokuwa na Yerusalemu mawazoni. Kuta zake bado zimesimama, wazi kwa mvua, na ukiingia chini ya tao la mlango wake unaona nakshi za mistari ya msumeno ambazo fundi alizichonga kwa mkono uliotulia.

Ngome ina askari, na askari hula. Ina farasi wanaohitaji nyasi, viatu vya chuma na ngozi za hatamu. Ina bwana mwenye karamu. De Lacy walijua pia kwamba ardhi ikilimwa huleta mavuno mara moja kwa mwaka, lakini soko huleta fedha kila juma, kwa ada ya meza, ushuru wa mizigo na faini. Basi mbele ya lango la ngome, kuelekea mashariki juu ya mgongo wa kilima, wakaacha barabara pana kupita mahitaji ya mikokoteni yoyote. Ilianzia langoni na kufika hadi mahali panapoitwa Bull Ring, walipouzwa ng'ombe. Huo ndio uti wa mgongo wa Ludlow. Kila kitu kingine kimeota juu yake.

Ukifika leo na kuitafuta barabara hiyo pana, utaiona nusu tu. Upande wa ngome kuna uwanja mkubwa wa wazi, Castle Square. Ukitembea hatua chache kwenda mashariki uwanja unapotea, na unajikuta kwenye vijia vinne vyembamba vinavyokwenda sambamba: High Street, Church Street, Market Street na Harp Lane. Mgeni hudhani ni mitaa ya kale kuliko uwanja. Ni kinyume chake. Vijia hivyo ni nafasi iliyobaki baina ya safu za meza za wauzaji, na nyumba zilizo katikati yake ni meza zenyewe zilizokua.

Ilikuwaje? Muuzaji alikuja asubuhi na meza na kipande cha turubai, jioni akafungasha. Baadaye akaomba kuiacha meza palepale, akaongeza ada kidogo. Kisha akasimamisha nguzo nne na kapaa ka kuzuia mvua, na mvua ya Shropshire si haba. Mwanawe akaziba nyuma kwa ubao. Mjukuu akaweka mlango wa kufunga kwa komeo, halafu chumba cha kulala juu, na kwa kuwa chini ardhi ilikuwa imekwisha, akakitokeza chumba hicho nje juu ya vichwa vya wapita njia. Anayeijua Kariakoo au Gikomba haitaji kuchorewa picha. Tofauti ni kwamba Ludlow wenye mamlaka waliona afadhali kupokea pango kuliko kubomoa, na vibanda vile vikapata miaka 700 ya kukomaa. Wachinjaji walikuwa na safu yao, wauza nguo yao, washona viatu yao. Simama Church Street uangalie jinsi majengo yalivyo mafupi kwa kina, hayana ua wala bustani nyuma: mgongo wa duka moja umegusana na mgongo wa jingine, vilevile meza zao zilivyopangwa.

Kutoka kwenye uti huo wa mgongo mabwana wa Ludlow wakachora mitaa mipya kushuka kusini hadi mtoni: Broad Street, Mill Street, na mingineyo, iliyonyooka na kupimwa vizuri. Kando yake wakakata viwanja vyembamba kwa mbele na virefu kwa nyuma, kwa sababu kilichokuwa na thamani ni kuuelekea mtaa, kuonekana na mteja. Aliyechukua kiwanja alilipa pango la fedha kila mwaka, akawa huru: hakumlimia bwana shamba, na aliweza kuuza kiwanja au kumrithisha mwanawe. Kwa mkulima wa karne ya 12 aliyefungwa kwenye ardhi ya mwingine, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko ngome yoyote. Mipaka ya viwanja hivyo bado inaonekana kwenye ramani za leo.

Kisha kondoo wakautajirisha mji. Sufu ya Uingereza ilitafutwa Ulaya nzima na wafumaji wa Flanders, na sufu laini kupita zote ilitoka kwenye malisho ya huku mpakani, kuzunguka mji wa Leominster ulio kusini kidogo. Mto Teme ulikuwa na vinu vya maji, na baadhi yake havikusaga nafaka. Vilikuwa na nyundo nzito za mbao zilizoinuliwa na gurudumu na kuangushwa juu ya nguo ya sufu iliyolowekwa, ikapondwa mpaka nyuzi zikashikana na kitambaa kikawa kizito cha kuhimili baridi. Kingo za mawe zilizouinua mto kwa ajili ya vinu zingalipo, na maji yanazipita kwa kishindo mpaka leo.

Hapa ndipo alipotokea mtu ambaye naona anastahili kukumbukwa kuliko nusu ya wafalme waliolala ngomeni. Laurence wa Ludlow alikuwa mwana wa mfanyabiashara wa sufu, naye akamzidi baba yake, akawa miongoni mwa wafanyabiashara matajiri kabisa Uingereza. Alinunua sufu kwa watawa na mabwana wa mpakani, akaisafirisha kwa meli, na mabwana wenye vyeo wakamkopa fedha. Mwaka 1281 aliipata ardhi ya Stokesay, mwendo wa kilomita 11 hivi kutoka mjini, akajenga nyumba ya mawe yenye ukumbi mkubwa na mnara. Mwaka 1291 mfalme akampa kibali cha kuizungushia kuta za ngome, kibali ambacho kwa kawaida kilikwenda kwa watu wa nasaba. Ukumbi ule umesimama pamoja na paa lake la mbao. Ukienda Ludlow bila kupita Stokesay umekula wali bila mchuzi.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Mwaka 1294 Mfalme Edward wa Kwanza aliingia vitani na Ufaransa, akataka fedha haraka, akatishia kuitwaa sufu yote ya nchi. Laurence alikuwa mbele katika wafanyabiashara waliokubali badala yake ushuru mzito kwa kila gunia linalopelekwa nje. Wafanyabiashara wenyewe hawakuumia: walipunguza bei waliyomlipa mfugaji, na mzigo ukamshukia mwenye kondoo wachache. Novemba ya mwaka huo Laurence alikuwa baharini na shehena ya sufu na fedha za mfalme, meli ikazama naye akafa maji. Watawa wa Dunstable, waliokuwa wafugaji wa kondoo na walioumizwa na ushuru ule, waliandika katika kumbukumbu zao kwamba aliyewadhulumu wauza sufu amezamishwa pamoja na sufu. Hawakumhurumia hata kidogo.

Mji wenye mali huhitaji ukuta. Mwaka 1233 mfalme alitoa ruhusa ya kutoza ushuru maalumu wa kujengea ukuta, na kazi ikachukua miaka mingi. Ulikuwa na malango saba, na ushuru wa soko ulikusanywa hapo kabla mzigo haujaingia. Lango moja ndilo lililobaki kamili, Broad Gate, chini ya Broad Street, na lililonusuru uhai wake ni kwamba watu walijenga nyumba juu yake. Magari hupita chini ya tao la karne ya 13 huku dirishani juu kuna pazia.

Lakini ukitaka kujua watu wa Ludlow waliogopa nini na kutumaini nini, ingia kanisa la Mtakatifu Laurenti. Ni kubwa kupita kiasi cha mji, kubwa kuliko makanisa yote ya parokia ya Shropshire, na mnara wake wa mita 41 huonekana kutoka mbali kabla hujaziona nyumba. Fedha zilizoujenga zilitoka kwa chama kilichoitwa Chama cha Palmers, yaani mahujaji waliorudi kutoka Nchi Takatifu na makuti ya mtende kama ushahidi. Kilianza katikati ya karne ya 13, na kanuni zake za mwaka 1284 zinajulikana. Ukizisoma unakutana na chama cha kufa na kuzikana. Mwanachama akiibiwa, nyumba yake ikiungua au meli yake ikivunjika, wenzake watamchangia. Akifungwa bila haki, watamhangaikia. Akiugua, atatunzwa. Binti wa mwanachama maskini akitaka kuolewa au kuingia utawa, chama kitasaidia mahari au mahitaji yake. Na mwanachama akifa, mapadri wa chama wataiombea roho yake mwaka baada ya mwaka.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyovuta watu. Kufikia mwisho wa karne ya 15 chama kilikuwa na wanachama maelfu, wengi wao hawajawahi kuishi Ludlow, na wasimamizi wake walisafiri Uingereza na Wales kukusanya michango. Kilimiliki nyumba nyingi mjini, kikazipangisha. Kilikuwa na shule na nyumba ya wazee maskini. Katika kioo cha rangi cha kikanisa chao kuna hadithi waliyoipenda: Mfalme Edward Muungamishi alimpa ombaomba pete, ombaomba huyo akawa Yohana Mtakatifu aliyejificha, na miaka mingi baadaye mahujaji wawili wa Ludlow wakakutana na mtakatifu huko Palestina, akawapa pete wairudishe kwa mfalme. Vioo vinawaonyesha mahujaji wamevaa majoho ya buluu. Watu wa kilima ambacho Domesday haikukitaja walijipatia humo nafasi ya kuwa wajumbe baina ya mbingu na kiti cha enzi.

Nenda hadi mbele, kwenye safu za viti vya mwaloni walipoketi mapadri na wanakwaya. Viti vinakunjwa juu, na chini ya kila kimoja kuna kishubaka kidogo cha kuegemea, kilichowekwa ili mtu apumzishe kiuno wakati sala ndefu ilimtaka asimame. Chini ya vishubaka hivyo, mahali pasipoonekana kiti kikiwa kimeshushwa, mafundi wa karne ya 14 na 15 walichonga walichotaka: zaidi ya vipande 20, kila kimoja na habari yake.

Kimoja kinamhusu muuza pombe. Shetani mwenye misuli amembeba mabegani kichwa chini, uchi, isipokuwa kilemba kile cha pembe mbili kilichokuwa fasheni ya wanawake wenye uwezo. Mkononi bado ameshika kopo lake la kupimia. Upande mmoja kuna kinywa cha jehanamu kimeachama na meno yake, tayari kumpokea. Upande mwingine shetani wa pili ameketi na karatasi ndefu ya ngozi akisoma orodha ya dhambi zake, na wa tatu anapiga zumari la mfuko wa ngozi kumsindikiza. Kosa lake? Kopo. Mama pima huyu aliwapunja wateja. Nimeitazama kazi hii kwa muda mrefu, na kinachonigusa ni ukubwa wa hasira iliyomo. Fundi hakuchagua muuaji wala mwizi wa farasi. Kwa mji uliokula na kuvaa kwa njia ya soko, kipimo cha uongo kilikuwa dhambi ya kumpeleka mtu motoni moja kwa moja, kwa muziki.

Oktoba 1459 vita vikaingia mjini. Uingereza ilikuwa imegawanyika baina ya Mfalme Henry wa Sita na binamu yake Richard, Duke wa York, ambaye ngome ya Ludlow ilikuwa yake kwa urithi. Tarehe 12 majeshi mawili yalikabiliana ng'ambo ya daraja la Ludford, chini ya mji. York alikuwa na watu wachache, na usiku ule kikosi cha askari wazoefu alichokitegemea, chini ya Andrew Trollope, kikahamia kwa mfalme. York na wenzake wakaondoka gizani, yeye Ireland, mwanawe Edward Calais, wakaliacha jeshi, mji, na hata mkewe Duchess Cecily na watoto wadogo.

Asubuhi askari wa mfalme wakapanda kilima. Mwandishi wa tarehe aliyeishi zama hizo anaeleza kwamba walikunywa mvinyo wa vilabuni wakashiba, kisha wakapasua mapipa, watu wakatembea viatu vimelowa mvinyo. Halafu wakaiba matandiko, nguo na kila kilichobebeka, na wakawanajisi wanawake. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi za Ludlow zilikuwa wauza duka ambao hawakuchagua bwana wao. Inasimuliwa kwamba Cecily alilikabili jeshi lile akiwa amesimama penye msalaba wa soko, pamoja na wanawe George na Richard. Richard alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka saba.

York aliuawa vitani mwaka uliofuata. Lakini Machi 1461 mwanawe akawa Mfalme Edward wa Nne, na Desemba ya mwaka huohuo aliulipa mji fadhila. Aliupa hati ya kujitawala: wachague viongozi wao wenyewe, wasimamie soko na mahakama yao, wapeleke wabunge. Waliokuwa wapangaji wa bwana wakawa mji wenye mhuri wake.

Edward alimpeleka Ludlow pia mwanawe mkubwa, aliyeitwa Edward kama yeye, mwaka 1473, mtoto hajatimiza miaka mitatu, ili kwa jina lake baraza litawale Wales na mipaka yake. Mfalme aliandika ratiba ya malezi: aamke saa ya kufaa, ahudhurie misa, asome, asisikie mazungumzo machafu mezani, na saa mbili usiku awe amelazwa. Ratiba hiyo ina wororo wa baba aliye mbali. Mtoto alikulia ngomeni hadi Aprili 1483, akiwa na miaka 12, habari zilipofika kwamba baba yake amefariki naye sasa ni mfalme. Akaondoka Ludlow kwenda London. Njiani akakutana na baba yake mdogo, aliyemchukua chini ya ulinzi wake, akampeleka Mnara wa London, na kabla mwaka haujaisha mtoto na mdogo wake walikuwa hawaonekani tena. Baba mdogo huyo, aliyejitawaza kuwa Richard wa Tatu, ni yule mtoto wa miaka saba aliyesimama sokoni Ludlow mwaka 1459. Hilo sijaweza kulizoea.

Wakuu wengine wakaja. Mwanamfalme Arthur, mrithi wa Henry wa Saba, aliletwa akiwa na miaka 15 pamoja na mkewe mpya, Catherine wa Aragon. Miezi michache baadaye, tarehe 2 Aprili 1502, Arthur akafa kwa maradhi. Siku ya kuutoa mwili wake kuupeleka Worcester mvua na upepo vilikuwa vikali, barabara ikawa tope, ikabidi mahali pengine gari la maiti livutwe na maksai. Catherine aliolewa na mdogo wa marehemu, Henry wa Nane, na Henry alipotaka kumwacha, mabishano ya mahakama yalirudi kwenye swali moja: je, katika miezi ile ya baridi vijana wale wawili walikuwa mume na mke kweli? Papa hakumpa Henry alichotaka, na mwaka 1534 Uingereza ikajitenga na Roma. Kwa uamuzi uliofuata njia hiyo ya dini mpya, Chama cha Palmers nacho kikavunjwa mwaka 1551. Mali zake zikapewa halmashauri ya mji kwa sharti la kuendeleza shule na kutunza maskini.

Baraza la Mipaka ya Wales lilipokaa hapa lilikuwa neema kwa soko. Lilisikiliza kesi za Wales na majimbo ya jirani, na kesi haiji peke yake: inakuja na mdai, mdaiwa, mashahidi, mawakili, makarani, na wote wanataka chakula, kitanda na wino. Mwaka 1619 wakili aitwaye Rees Jones alijenga penye Bull Ring nyumba ya mbao ambayo wengi huiona kuwa nzuri kuliko zote za aina yake Uingereza. Baadaye ikawa hoteli, The Feathers, na bado ina mbao zilizopangwa kwa maumbo ya almasi, vichwa vilivyochongwa, na manyoya ya mbuni, alama ya Mwanamfalme wa Wales, yaliyoipa jina. Ada za kesi ndizo zilizoijenga. Ngomeni kwenyewe, tarehe 29 Septemba 1634, watoto watatu wa rais mpya wa baraza waliigiza mchezo ulioandikwa na kijana wa miaka 25, John Milton. Mchezo huo, Comus, umeishi muda mrefu kuliko ukumbi ulioigiziwa.

Mwaka 1689 baraza lilifutwa. Ngome haikuwa na kazi tena. Risasi ya mapaani ikang'olewa, mvua ikaingia, mihimili ikaoza. Mji wa ngome tupu ungeishia hapo. Ludlow haukuishia hapo kwa sababu gulio liliendelea kila juma, na matajiri wa mashambani wakaona ni mahali pazuri pa kuwa na nyumba ya msimu wa baridi. Wakaifanya Broad Street kuwa mtaa wa matofali mekundu na madirisha marefu yaliyopangwa kwa mizani. Angalia vizuri, maana nyingi ya nyuso hizo zimebandikwa tu: nyuma ya matofali kuna mihimili ya mialoni ya karne mbili kabla. Juu ya mtaa, miaka ya 1740, halmashauri ikajenga Buttercross, jengo la mawe lililo juu ya nguzo, chini soko la siagi lenye kivuli, juu chumba kilichotumika kama shule ya watoto maskini. Mwanzoni mwa karne ya 19 maisha ya wengi yalikuwa glavu: wanaume walikata ngozi, wanawake na watoto wakazishona nyumbani, mpaka glavu za Ufaransa ziliporuhusiwa kuingia mwaka 1826 na kazi ikafifia. Reli ilifika 1852.

Mwaka 1887 Castle Square palijengwa jumba la soko la matofali mekundu, zito, lililoziba kati ya ngome na mji. Lilidumu miaka 99. Mwaka 1986 likabomolewa, na watu wakaamua wasijenge kitu pale. Naupenda uamuzi huo. Uwanja ukarudi ulivyokuwa wakati wa de Lacy, na wauzaji wakarudi na meza na maturubai yao.

Wanauza Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, na mwanzoni mwa Mei huwapisha watu wa pembea na michezo ya maonyesho ya kale ya mwezi huo. Tangu 1995 mji umejulikana pia kwa tamasha la vyakula lililoanzishwa ndani ya ua wa ngome, ambako wachinjaji wa mjini hushindana kwa soseji na wageni ndio waamuzi. Ukienda, nenda Jumatatu asubuhi, siku ambayo watalii ni wachache na wenyeji hununua mahitaji yao: jibini, mikate, maua, mbegu za bustani, buti za mpira. Kila meza ina mizani. Jioni vyote hufungashwa, hakuna kinachoruhusiwa kulala uwanjani, na ada ya meza hulipwa kwa Halmashauri ya Mji wa Ludlow, mrithi wa wale walioipokea hati ya mwaka 1461.